Donge la Ncha ya Upondo

Wake za watu wamekula mengi katika nyumba za wakwe zao. Wapo waliokula ukoko wa wali kwa siri, wapo waliokula kuku wa mgeni kabla mgeni hajavua viatu, na yupo mmoja pale Temeke, jina lake nalisitiri, aliyekula papa mkavu mzima akamsingizia paka, na nyumba yenyewe haikuwa na paka. Lakini aliyekula kaburi ni mmoja tu. Ni Chausiku, mkaza mwana wa Bi Hija wa Mtoni. Nawe unayecheka, cheka sasa hivi, mapema, maana huko mbele hapachekeki.

Chausiku alitoka Chamazi, shamba kweli kweli, ambako siku zile bahari ilikuwa habari ya kusimuliwa. Alijua mihogo, alijua mpunga wa bondeni, alijua kumfukuza nguruwe mwitu kwa kupiga debe. Maji mengi aliyopata kuyaona pamoja yalikuwa ya kisima. Akaolewa na Marijani wa Mtoni, pale mto Kizinga unapoishia na kuingia katika hori la bahari, ambapo maji ya chumvi na maji matamu yanagombana kutwa, na mikoko imesimama katikati kama wazee wa kuamua ugomvi. Siku ya kwanza alipoona maji yote yameondoka yakaacha tope tupu, alimuuliza mumewe ni nani aliyeyateka. Watu wa Mtoni walilila neno hilo kama kitoweo, mwaka mzima.

Vita vya Hitla vilikuwa vimekwisha, Waingereza wameanza kuitanua bandari, na kila mzungu anatembea na kitu cha kupimia. Mwaka huo Chausiku akashika mimba yake ya kwanza, na mimba ikamtaka udongo. Wanawake mnanielewa, na wanaume wenye akili wananielewa pia. Kwao Chamazi angetoka nje tu akamega kichuguu, akatafuna, mambo yakaisha. Mtoni vichuguu havikuwepo. Palikuwa na mchanga, na palikuwa na tope la mikokoni linalonuka yai viza. Kumwomba mama mkwe aliona haya. Mwali wa mwaka mmoja hamwambii mkwewe hamu zake, atauanzia wapi mdomo?

Ndipo siku moja, akifagia utando wa buibui chumbani kwa Bi Hija, akaona juu ya mwamba wa paa kibia kimefunikwa kwa kifuu cha nazi. Ndani mlikuwa na donge la udongo, kubwa kama ngumi, kavu, rangi ya majivu, limechanganyika na vipande vidogo vidogo vya kombe. Akalinusa. Akalilamba. Chumvi kidogo, halafu kama utamu, halafu vile vipande vya kombe vikalia chini ya jino, krr, krr, na mwisho uchungu mdogo kama wa jani la mlimau.

"Kumbe na mama naye!" akajisemea, akafurahi. Aliona kwamba Bi Hija ameuweka udongo wake tangu mimba ya Marijani, kama mtu anavyoweka kanga ya harusi. Akamega kipande, akarudisha kibia mahali pake. Kesho yake akamega kingine. Mwenye mimba haibi, anaonja. Akaonja, akaonja, mpaka siku moja akalamba vumbi.

Sasa sikilizeni habari ya donge lenyewe.

Baba yake Marijani, mzee Shomari, alikuwa mtega madema, ile mitego ya samaki ya kusukwa. Asubuhi moja, Marijani akiwa bado hajaingia jandoni, Shomari aliingia horini na mtumbwi wake. Mtumbwi ukarudi na maji kujaa, peke yake. Ndani mlikuwa na kofia yake na upondo, ule mti mrefu wa kusukumia mtumbwi kwa kuuchomeka chini. Mwenyewe hakuwemo. Wakamtafuta mpaka wakakata tamaa, wakamsalia bila mwili. Lakini kwenye ncha ya upondo palikuwa pameganda tope, tope la mahali pa mwisho Shomari alipochomeka mti wake kabla hajashuka majini kutazama dema. Bi Hija akalikwangua kwa kisu cha samaki, akalifinyanga donge, akalianika, akaliweka.

Kila mwezi wa Shaabani, Mtoni nzima inapobeba mafagio na mitungi kwenda kusafisha makaburi kabla ya Ramadhani, Bi Hija alibaki barazani, anachagua mchele usiokuwa na mawe. Wajane wenzake walikuwa na mahali pa kumwagia maji. Yeye alikuwa na kibia.

Na hayo Chausiku hakuambiwa na mtu. Mambo mengine katika nyumba hayasemwi, kila mmoja anadhani mwenzake anajua.

Mwaka huohuo akaja mzungu wa ramani. Watu walimwita Bwana Kina, maana katika Kiswahili chake chote neno hilo ndilo lililotoka limenyooka. Alitaka kulichora hori lote, tena si juu, chini: wapi mchanga, wapi tope, wapi mwamba, wapi majani ya bahari yameota, wapi kombe na kome wamelala. Marijani akapata kazi ya kurusha bildi. Jioni ya kwanza akarudi amevimba kifua kama njiwa dume.

"Shikamoo mama. Leo nimeipigia bahari hodi, ikaitika."

"Marahaba. Wacha maneno, kaa ule."

"Kweli, mama. Bildi ni pande la risasi, zito, lina kamba. Chini yake pana kishimo, tunakipaka shahamu. Nikirusha, ikagonga chini, ile shahamu inanasa kilichopo. Navuta, natangaza, 'Pima mbili, tope! Pima mbili na nusu, mchanga!' Bwana Kina anatazama, anapaka rangi kwenye karatasi."

Bi Hija alikuwa juu ya mbuzi, anakuna nazi. Mkono ukasimama.

"Inaleta udongo wa chini?"

"Inaleta."

"Wa kila mahali?"

"Kila mashua inaposimama, mama."

Bi Hija akasema taratibu, kama mtu anayeogopa kuamsha mtoto, "Marijani, baba yangu. Nenda chumbani kwangu, juu ya mwamba pana kibia. Kamteremshe baba yako. Kesho nenda naye kazini. Bildi ikitoa udongo wa namna yake, hapo ndipo alipo."

Chausiku alikuwa jikoni anachochea moto. Alisikia kila neno. Kuni iliyokuwa mkononi ikabaki mkononi.

"Mama," Marijani aliita kutoka chumbani, "hamna kitu humu."

"Tazama vizuri."

"Kitupu, mama. Kama kimelambwa."

Chausiku akatoka jikoni kwa magoti. Hakusimama hata kidogo, alitambaa na tumbo lake mpaka kwenye mkeka wa mkwewe.

"Mama, ni mimi. Sikujua. Nilidhani ni udongo wa kula."

Bi Hija akamtazama usoni, halafu akalitazama tumbo.

"Wote?"

"Wote, mama."

"Hata punje?"

"Hata punje."

Laiti angepiga kelele, majirani wangekuja, wangeamua, wangeondoka na cha kusema. Hakupiga kelele. Akageukia mbuzi yake akaendelea kukuna, na nazi ilikuwa imekwisha, anakuna kifuu.

Tangu siku hiyo neno "mwanangu" likatoka katika nyumba ile. Zamani lilikuwa halikauki: mwanangu njoo, mwanangu shika, mwanangu umekula? Sasa Bi Hija alisema na Chausiku kwa kupitia watu. "Marijani, mwambie mke wako mchuzi umezidi chumvi." Na mke wake amesimama hapohapo, anashika sufuria, wanaweza kugusana. Kama Marijani hayupo, aliambiwa kuku. Kweli. "Kuku wee, mwambie mke wa Marijani maji yamechemka." Ungemwona, ungecheka. Chausiku hakucheka. Alikuwa hana mama huko Chamazi, amezikwa zamani, na katika neno lile moja la Bi Hija alikuwa amejenga nyumba.

Basi alilotaka duniani likawa moja: Shomari apate mahali, na neno lirudi.

Siku kadhaa akawaza, anamenya mihogo anawaza, mpaka akamwambia mumewe, "Niletee huo udongo wa bildi."

"Uufanye nini?"

"Niuonje. Lile donge nimelila mwenyewe, ulimi wangu unalijua. Ukinifumba macho nitalijua."

Marijani alicheka mpaka akaona anacheka peke yake.

Kesho yake akaanza. Bwana Kina akishatazama, kazi ya Marijani ilikuwa kukwangua ile shahamu yenye tope na kuitupa baharini, apake nyingine. Badala ya kuitupa, akawa anaifunga katika vipande vya jani la mgomba, na kila kifungo anakikumbuka ni cha wapi. Mashuani alikuwemo mpiga kasia mmoja, Kasiani, Mnyamwezi wa Tabora, na Mnyamwezi kwa Mzaramo ni mtani: ana ruhusa ya kumtukana hata msibani, na msibani ndiko hasa.

"Mtani," Kasiani akasema, "hivyo ndivyo mnavyolisha wake zenu? Sie Tabora tunawapelekea asali. Wewe unampelekea matope!"

"Ana mimba."

"Ana mimba ya nini, ya mtungi?"

Jioni Chausiku alikaa na vifungo vyake mbele, maji ya kusukutua pembeni. Shahamu ilimtisha kwanza.

"Hii ni ya mnyama gani?"

"Ng'ombe. Mchinjaji nimemwona kwa macho yangu, kofia imemfika masikioni. Onja."

Akaonja, akatema, akasukutua. "Sio." Kingine. "Sio." Mchanga wa kwenye mlango wa hori hauna ladha, meno tu yanalia. Tope la mikokoni lina ladha ya msumari wenye kutu. Kwenye majani ya bahari udongo una harufu ya dafu lililosahauliwa juani. Na pale Kizinga unapoingia, tope ni laini kama samli, linatoka huko juu vilima vya Pugu kwenye mashamba ya watu, na Chausiku alipolionja machozi yalimtoka kwa sababu lilikuwa na ladha ya kwao. Bwana Kina alikuwa anapaka njano, anapaka kahawia, anapaka kijani. Chausiku naye alikuwa na ramani yake, ila ya kutema.

Bi Hija alikaa barazani, mgongo ameugeuza, anatwanga. Lakini kila Chausiku alipopeleka kidole mdomoni, mchi ulisimama hewani.

"Marijani, muulize mke wako kama ndio."

"Mwambie mama sio."

Mchi, du! ukashuka.

Mashua ikazidi kwenda ndani, ikafika kwenye kona ambayo hori linapinda. Jioni hiyo Chausiku alifungua kifungo cha kwanza, akaweka kidogo juu ya ulimi. Chumvi. Akangoja. Utamu. Krr, krr, chini ya jino. Akafumba macho kungojea ule uchungu wa jani la mlimau, na uchungu ukaja.

"Mama!" Hakupitia kwa mtu. "Mama, ndio huu!"

Mchi ulianguka. Bi Hija aliinuka akashika nguzo. Akaingia chumbani, akatoka na buibui mkononi na kichupa cha marashi ambacho kizibo chake kilikuwa hakijafunguliwa tangu Shomari apotee.

"Ni wapi hapo, Marijani? Kesho mnanipeleka. Kesho hiyohiyo."

Chausiku alikuwa amekwisha kufungua kifungo cha pili, kwa furaha tu, hata bila kufikiri. Akaonja. Akafungua cha tatu. Marijani alimwona rangi inambadilika.

"Nini?"

"Hivi ni vya mahali pamoja?"

"Hapana. Hicho ni cha kwenye kona. Hicho cha mbele kabisa. Hicho cha kuelekea ng'ambo."

Akaonja na cha mwisho. Krr, krr. Chumvi, utamu, uchungu. Marijani akaanza kuelewa, akakaa chini. Akasema kwa sauti ndogo kwamba Bwana Kina leo hakubadilisha rangi hata mara moja: alipaka buluu, rangi ya mahali kombe walipolala, kutoka kwenye kona mpaka mikoko ya ng'ambo, buluu tupu.

Bi Hija alikuwa amesimama na marashi yake. Chausiku angeweza kumeza. Nani angejua? Kidogo tu, ameze, mkwewe apelekwe kesho amwage marashi popote pale, arudi amemwita mwanangu. Mate yalikuwa yamekwisha kumjaa. Akayatema.

"Mama, ni kote. Kuanzia kona mpaka ng'ambo. Udongo ni mmoja."

Bi Hija akamtazama. Akamjibu yeye mwenyewe, si Marijani, si kuku.

"Kote si kaburi," akasema. "Kote ni bahari. Bahari naijua."

Akarudi ndani, na marashi yakarudi yalikotoka.

Kazi ya kupima ikaisha, Bwana Kina akaikunja ramani yake akaenda nayo. Marijani akarudi kwenye madema. Chausiku akajifungua mtoto wa kiume, na jina halikuwa na mjadala: Shomari. Bi Hija ndiye aliyemwosha. Alimgeuza, akamchungulia nyuma ya masikio, akavichezea vidole vya miguu, kidole cha pili kimepita kidole gumba, vilevile kama vya babu yake. Sasa kuku alipumzika, maana alipatikana wa kuambiwa. "Shomari, mwambie mama yako ale uji, maziwa hayatoki kwa hewa." "Shomari, mwambie mama yako alale, nitakubeba mimi." Chausiku alikuwa akijibu kwa njia hiyohiyo, "Shomari, mwambie bibi ahsante," na mtoto anawatazama wote wawili kama hakimu. Neno lenyewe lilikuwa karibu. Lilikuwa linanusa mlangoni.

Mtoto hakumaliza arobaini. Homa ilimpanda, degedege likamshika, na dawa ya majani na maombi ya mwalimu havikumfikia kwa wakati. Alikufa mikononi mwa bibi yake. Bi Hija alikaa naye hivyo kitambo, anampepea.

Msibani wanawake hujaa, na wakijaa hunong'ona. Mmoja akamwambia mwenzake, si kwa sauti ndogo ya kutosha, "Alikula udongo wa maiti. Ulitegemea nini?"

Chausiku alisikia. Alikuwa ameegemea ukuta, maziwa yanamlowesha kanga, hana mtu wa kumpa. Akaliamini neno lile lote papo hapo. Lilimwingia kama alikuwa amelingoja.

Bi Hija akaweka chini chano cha tende.

"Nani kasema? Mwanaume niliyeolewa naye nilimjua. Alikuwa hamkaripii hata mtoto wa jirani aliyemwibia samaki. Mnataka kuniambia leo amerudi kula mjukuu wake? Mtoto kauawa na degedege. Aliye na neno jingine, mlango ule pale."

Kule makaburini wanaume walipokwisha kushindilia mchanga, Kasiani alikuja, akapita katikati ya watu, akajilaza kando ya kile kilima kidogo kama mtu aliyechoka safari. Ndiyo desturi, mtani lazima aharibu kilio. Baadaye akaja mpaka nyumbani, akasimama uani, kofia mkononi.

"Wazaramo nyie," akasema, "mlianza wenyewe kula udongo. Sasa udongo umejifunza kuwala!"

Hata Kasiani mwenyewe aliona neno lake limekuwa zito kuliko alivyolipima. Marijani alikunja ngumi. Ndipo kilipotoka kicheko pale mkekani, kikavu, cha kukatikakatika, na alikuwa ni Bi Hija. Alicheka akashika mbavu, akacheka machozi yakatoka, na machozi yalipotoka hayakusimama tena. Alilia kilio ambacho Mtoni hawakumsikia akilia hata siku ile ya mtumbwi. Alimlilia Shomari, na kwa kuwa jina lilikuwa moja, hapakuwa na haja ya kuuliza.

Shaabani ikafika. Watu wakatoa mafagio na mitungi. Chausiku alikuwa uani anaosha vyombo, amekonda, macho yake yako mbali. Akasikia kandambili za mti zikija, akainua uso. Bi Hija alikuwa amevaa buibui. Mkono mmoja ufagio, mkono mwingine kichupa cha marashi.

"Beba mtungi," akasema. "Twende, mwanangu."

Hakuna aliyekuwa amekaa katikati yao wa kulipokea neno lile. Lilimfika Chausiku mwenyewe. Akabeba mtungi, na njiani maji yalimmwagikia begani kwa sababu shingo haikutulia.

Kilima kilikuwa kimekwisha kunywea kwa mvua, kidogo, mtu anaweza kukiruka. Bi Hija alifagia majani. Aliinama akamwaga maji kuanzia kichwani mpaka miguuni, polepole, kama mtu aliyeyalimbikiza miaka mingi na hataki yaishe upesi. Kisha akafungua marashi. Yalikuwa yamekwisha harufu, yamekuwa maji ya manjano tu. Akayamwaga vilevile.

"Shomari," akasema. "Tumekuja. Mimi na mke wa mwanao."

Chausiku alilia bila sauti. Alikuwa anajua anayeambiwa ni yupi, na alikuwa anajua pia aliyelala pale ni yupi, na wa kwake alikuwa mmoja tu, mdogo, ambaye hakupata hata kulijua jina lake. Sehemu ya kaburi lile ilikuwa ya mkwewe. Hakumnyima.

Kabla ya kuondoka Bi Hija alichota udongo uliolowa pale miguuni, akaufinyanga kwa vidole vyake vya kizee, akaufanya donge dogo, lisilojaa hata kiganja. Akalitazama. Akaufungua mkono wa Chausiku akaliweka humo, akavifunga vidole vyake juu yake kimoja kimoja.

"Hili," akamwambia, "usile."